Ngoma Inayopigwa Ubongoni

Msikilizaji, kama uliwahi kuimba kwaya, iwe ya kanisani au ya shule, na ukafundishwa nyimbo kwa solfa, basi imba nami noti hizi tisa, polepole: do, re, mi, fa, so. Sasa rudi chini: do. Halafu la, ti, na do ya juu. Mara ya pili, bila kusita: do, re, mi, fa, so, do; la, ti, do.

Ulichoimba ni oksitosini, homoni inayoukaza mfuko wa uzazi mama anapojifungua na inayoshusha maziwa mtoto anaponyonya. Ni molekuli ndogo, mnyororo wa asidi amino tisa tu. Mwaka 1953 mkemia wa Marekani Vincent du Vigneaud na wenzake walieleza mpangilio wake kisha wakaiunda wenyewe maabarani, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Katika asidi amino hizo tisa, moja inayoitwa sisteini hujitokeza mara mbili, mahali pa kwanza na mahali pa sita. Zilizobaki ni saba, kila moja mara moja. Jumla zipo aina nane, na ngazi ya solfa pamoja na do ya juu ina noti nane. Nimeigawia kila aina noti yake kwa kufuata zamu ya kujitokeza kwake, basi.

Ile do ya sita, tuliporudi chini ghafla, ina maana yake mwilini. Sisteini ya sita imeshikana na ya kwanza kwa kiungo cha salfa, na mnyororo ukapinda ukawa duara la noti sita lenye mkia wa noti tatu. Ukiimba vizuri utalisikia duara likifungwa, kisha mkia ukitoka.

Sasa iimbe tena, lakini mi na ti zote mbili uzishushe nusu hatua. Umesikia ilivyobadilika, ilivyoingia huzuni kidogo? Hiyo ni vasopresini. Zote mbili hutengenezwa sehemu moja ya ubongo, chini kabisa, na kuachiwa kwenye damu kupitia nyuma ya tezi ya pituitari. Zinatofautiana mahali pawili tu, pa tatu na pa nane. Moja husukuma mtoto duniani. Nyingine huiamuru figo irudishe maji mwilini, na asiyekuwa nayo anaweza kukojoa lita 10 kwa siku, hata zaidi, huku akiungua kwa kiu. Noti mbili katika tisa! Nimeeleza jambo hili kwa maneno mara nyingi, na watu hutikisa kichwa kwa adabu. Nikiliimba, hushtuka.

Lakini lazima niseme ukweli wote. Oksitosini haina sauti. Noti nilizipanga mimi, na mtu mwingine angezipanga vingine, wimbo ukawa mwingine kabisa. Hilo ndilo swali ambalo kila aliyejaribu kuigeuza biolojia kuwa muziki amelazimika kulijibu: nani aliyetunga, mwili au mtunzi?

Mwaka 1986 mwanajenetiki Susumu Ohno, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi California, alichapisha makala pamoja na mkewe Midori, wakizigeuza herufi za jeni kuwa noti za muziki. Hoja yake ilikuwa kwamba jeni na nyimbo hujengwa kwa kanuni moja, ya kurudiarudia. Mwaka 2007 Rie Takahashi na Jeffrey Miller wa chuo kikuu cha UCLA walishughulikia protini. Aina 20 za asidi amino wakazipunguza hadi noti za msingi 13, zile zinazofanana kitabia zikishirikiana noti moja, na wakatumaini kwamba watoto na watu wasioona wangeweza kuifikia protini kwa sikio. Kisha mwaka 2019 Markus Buehler wa MIT na wenzake wakaja na jibu ambalo mimi naliheshimu kuliko yote. Kila molekuli hutetemeka, kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuipata. Wakakokotoa mitetemo ya kila asidi amino, wakaishusha hadi kiwango cha masikio yetu, na kila moja ikapata mlio wake. Hapo angalau molekuli yenyewe ina neno la kusema kuhusu noti yake.

Kazi hizi nazipenda. Lakini zikiletwa kwenye homoni, nasema wazi, zinakosa kiini cha jambo. Kwanza, homoni nyingi hazina mnyororo wa kusoma. Kotisoli, estrojeni, projesteroni na testosteroni zinatengenezwa kutokana na lehemu, ile ile ambayo daktari anakuonya isizidi kwenye damu. Adrenalini inatokana na asidi amino moja tu. Ukitafuta wimbo kwa kusoma herufi, hofu yako haina wimbo, balehe yako haina wimbo, na kuamka kwako asubuhi hakuna wimbo.

Pili, na hapa ndipo nilipotaka tufike: homoni ni ujumbe, na mwili husoma ujumbe huo kwa wakati wake. Hauangalii tu nini kimefika. Unaangalia kimefika lini, na kimepita muda gani tangu kilipofika mara ya mwisho.

Jambo hili halikuonekana hadi watu walipoweza kupima homoni katika matone machache ya damu. Njia hiyo waliivumbua Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko New York, na Yalow akapewa Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Kwa njia hiyo, kundi la Ernst Knobil huko Pittsburgh likawa likichukua damu ya kima tena na tena na kupima homoni ya LH, ile inayotoka pituitari kwenda kuamsha ovari. Mwaka 1970 wakaandika walichokiona: katika kima walioondolewa ovari, LH haikutulia mahali pamoja. Ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, takriban mara moja kila saa.

Nyuma ya LH yupo anayeiamuru. Ni homoni ndogo ya asidi amino 10, inayojulikana kwa herufi GnRH, na inatoka sehemu ya ubongo iliyo juu tu ya pituitari. Knobil na wenzake wakachukua kima ambao sehemu hiyo ilikuwa imeharibiwa, wakaanza kuwapa GnRH kutoka nje. Waliwapa kwa mfululizo, usiku na mchana, bila kukatiza. LH haikurudi. Wakabadilisha: dakika sita za dawa, kisha kimya hadi saa itimie, kisha dakika sita tena. LH ikarudi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978, na kwangu mimi ni mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote yaliyowahi kufanywa kuhusu mwili. Dawa ni ile ile, damu ni ile ile. Kilichobadilika ni mapigo.

Sisi watu wa pwani tunaelewa haraka, kwa sababu tunajua kupiga hodi. Unagonga, unanyamaza, unamsubiri mwenye nyumba. Unagonga tena. Anayegonga mfululizo bila kupumua hafunguliwi mlango. Wenyeji watazima hata taa. Seli za pituitari hufanya hivyo hivyo. Zikigongwa bila kupumzika, huondoa vipokezi vyake juu ya ngozi yake na kuacha kusikia.

Madaktari wanazitumia pande zote mbili za jambo hili. Mwanamke ambaye ubongo wake hautoi mapigo hayo, na hivyo yai halipevuki, anaweza kufungwa pampu ndogo inayompa dozi kila dakika 90 hivi, na ovari zikaamka. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume hupewa dawa ya ukoo huo huo, lakini ya kukaa mwilini muda mrefu bila kukatika, na uzalishaji wa testosteroni unazimika. Hata mtoto anayeanza kubalehe mapema kupita kiasi hutibiwa hivyo, balehe yake isimamishwe hadi umri ufike. Niambie, msikilizaji, ni wimbo gani wa herufi 10 utakaokueleza hayo? Ukizisoma herufi za GnRH utapata noti zile zile asubuhi na jioni. Hapa panahitajika ngoma.

Na nikisema ngoma, nina ngoma maalumu moyoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba balehe inapoanza, mapigo ya LH huimarika kwanza usiku, mtoto akiwa amelala. Mchana bado kimya. Usiku, damuni, pigo, kisha pigo. Miezi hupita kabla mwili haujaonyesha chochote kwa nje. Halafu mama na shangazi wanaona, na msichana anawekwa ndani, na msondo unapigwa. Bi Kidude, aliyetuacha Aprili 2013, alikuwa mwalimu mkubwa wa unyago Unguja, na aliyewahi kumwona ameupanda msondo wake atakumbuka namna alivyokuwa akipiga kwa mwili wote. Sidai kwamba wazee wetu walijua habari za pituitari. Nadai kwamba tayari tunayo ngoma iliyotengwa kwa ajili ya jambo hilo hilo la mwili, na mtunzi atakayetaka kuandika balehe kwa muziki hana haja ya kwenda kutafuta kinanda.

Wapigaji wenyewe, ndani ya ubongo, tumewafahamu kwa karibu zaidi tangu mwaka 2003, ilipogundulika kwamba mtu ambaye kipokezi chake cha homoni iitwayo kispeptini kina kasoro habalehe. Seli za kispeptini ndizo zinazoshika mwendo, GnRH inafuata.

Turudi kwa oksitosini, maana nayo, ukiiacha herufi zake na kusikiliza mwendo wake, ni muziki mwingine. Katika uchungu wa uzazi hutoka kwa mapigo, na kadiri kichwa cha mtoto kinavyosukuma mlango wa kizazi, ndivyo mapigo yanavyozidi kukaribiana. Msukumo huita homoni, homoni huita msukumo. Ni mwendo unaojiongezea kasi wenyewe hadi mtoto atoke.

Mama aliyewahi kuwekewa dripu ya uchungu ataniuliza: mbona dripu inatiririka bila mapigo na uchungu unakuja? Swali zuri. Mfuko wa uzazi ni msuli wenye mapigo yake. Hata dawa ikija kwa mfululizo, wenyewe hukaza na kulegea. Lakini wakunga hawaachi kuhesabu. Wanaweka mkono tumboni na kuangalia saa, mikazo mingapi kwa dakika 10, kwa sababu dawa ikizidi mikazo hufuatana bila nafasi. Na nafasi ndiyo uhai. Msuli unapokaza hubana mishipa ya damu inayolisha kondo la nyuma. Unapolegea, damu hupita na mtoto hupata hewa. Anayeandika uchungu wa uzazi kwa ngoma na kuusahau ukimya kati ya pigo na pigo atakuwa ameandika hatari.

Baada ya kujifungua ipo njia ya kurudi ambayo inanigusa zaidi, kwa kuwa inaanzia kwenye sauti. Mama anayenyonyesha akisikia kilio cha mtoto wake, maziwa yanaweza kushuka kabla hajamgusa. Sauti imeingia sikioni na kutoka ikiwa homoni. Sisi tunahangaika kugeuza homoni iwe sauti, naye anafanya kinyume chake akiwa jikoni.

Oksitosini ina udhaifu ambao kila muuguzi wa zahanati anaujua: haivumilii joto. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme ukikatika siku nzima friji haina msaada. Lakini ina ndugu yake, kabetosini, aliyepatikana kwa kuifanyia oksitosini mabadiliko ya kikemia, kwenye fundo la duara na kwenye noti ya pili. Hiyo hubaki damuni muda mrefu zaidi. Kwa muziki ningesema ni noti inayoshikiliwa. Shirika la Afya Duniani lilisimamia majaribio ya kabetosini inayostahimili joto kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Katika kuzuia mama asipoteze nusu lita ya damu au zaidi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, haikuwa nyuma ya oksitosini.

Kutoka Kongo nina kisa kingine. Miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili uchungu uharakishwe. Mmea unachemshwa, na kilichomo hakiharibiki. Kilichomo kina mnyororo wa asidi amino 29, na mwaka 1995 umbo lake lilipobainishwa, ikaonekana kwamba hauna mwanzo wala mwisho: ncha zake mbili zimeungana. Mwanakwaya atanielewa. Ni wimbo wa noti 29 ambao sauti ya kwanza inaweza kuingia popote, ya pili popote, na wote wakaimba bila kufika mwisho.

Nipite haraka kwenye jambo linaloniudhi. Zipo sauti zinazouzwa kwa madai kwamba zitakupandishia oksitosini, zitakushushia kotisoli au zitakurekebishia tezi. Noti tisa tulizoimba hazileti uchungu wa uzazi na hazizuii damu. Mama mwenye uchungu apelekwe kwa wakunga. Muziki huu ni wa kuelewa mwili, na kuelewa mwili ni jambo kubwa la kutosha bila kuongezewa uongo.

Basi ningetunga nini mimi? Ningetunga kipande kimoja cha dakika 28, urefu wa kipindi cha nusu saa hapa redioni, siku moja ya mwanamke ikiwa dakika moja ya muziki. Saa moja inakuwa sekunde mbili na nusu. Ningechukua kundi la taarabu na kuliongezea msondo.

Kodiani ningeipa kotisoli. Inapumua mara moja kwa kila dakika, inajaa mtu anapoamka asubuhi na kufifia kabisa karibu na saa sita usiku. Kanuni ningeipa insulini, mitetemo midogo isiyokoma na mafuriko mara tatu kila dakika, baada ya chai, chakula cha mchana na cha jioni. Adrenalini kwa mwendo huu haiandikiki: nusu yake hutoweka damuni kwa dakika mbili au tatu, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Gari likipiga breki mbele yako, ni mlio mmoja wa ukucha kwenye uzi. Homoni kuu ya tezi ya shingo, kwa upande wake, inahitaji siku saba ipungue nusu. Hiyo ni besi, na inashikilia dakika saba bila kuinua kidole.

Msondo ni wa GnRH. Mwanzo, siku za hedhi, pigo kila sekunde nne hivi. Udi unaanza chini kabisa, huo ni estrojeni, na unapanda pamoja na yai linalokua. Msondo unakaribia sekunde mbili na nusu. Kwa siku nyingi estrojeni huinyamazisha LH, lakini ikikaa juu kwa takriban saa 50, dakika mbili za muziki wetu, inageuka na kuiita. Hapo zumari linaingia, na liingie kwa nguvu zote, dakika mbili tu. Dakika moja na nusu tangu zumari lianze, yai linatoka. Kisha fidla, projesteroni, polepole na nzito, na chini ya fidla msondo unalegea hadi pigo moja kwa sekunde nane au kumi. Wanamuziki wasione 28 kama sheria: mizunguko ya wanawake wengi ni kati ya siku 21 na 35, na kinachorefuka au kufupika zaidi ni nusu ya kwanza. Kiongozi wa kundi aachwe anyooshe udi anavyoona.

Watu wa kukifanya wapo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ina wapiga ngoma, Zanzibar ina chuo cha muziki cha DCMA chenye walimu wa kanuni na udi, na hospitali ya Muhimbili wapo madaktari wa homoni. Kinachohitajika ni vipimo vya damu vya usiku mmoja na mchana mmoja, vilivyochukuliwa kila dakika 10, vibandikwe ukutani mbele ya mpiga msondo.

Na kipande hiki kina miisho miwili. Katika mmoja, karibu na dakika ya 25 fidla inaishiwa, udi unaishiwa, msondo unaanza kuharakisha, na hedhi inaingia. Katika mwingine, yai limerutubishwa na kujipachika, na ala ambayo haijasikika hata mara moja inaanza kwa sauti ndogo mno: homoni ya mimba, ile inayopimwa kwenye mkojo, ikiongezeka maradufu kila dakika mbili hivi na kuishikilia fidla isishuke. Ningependa mpiga msondo asiambiwe ni upi utakaopigwa usiku huo. Akifika dakika ya 24 akiwa anapiga taratibu, asikilize fidla, kwa kuwa ndiyo itakayomwambia.